Mashine Iliyozimika Mpemba Ikawaka Tunduma

Mashine nyingi zinazofika kwangu hapa Tunduma si za kukata majani. Ni jenereta, pampu za maji, injini za kupukuchulia mahindi, na misumeno ya mbao inayotoka Ileje. Pampu za Ivuna nazitambua hata kabla hazijashushwa, maana chumvi imezila mpaka boliti zinakatika kama biskuti. Za Mkwajuni zinakuja na vumbi la mawe hadi ndani ya kabureta. Lakini mashine za majani kwa mwaka mzima naona tatu au nne, na karibu zote ni za ofisi au za makanisa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mtaalamu wa kitu kile. Injini ni injini, ndivyo nilivyozoea kusema. Siku hizi nikilisema neno hilo nakohoa kidogo kwanza.

Mashine ninayoizungumzia ilikuwa ya kanisa moja kule Mpemba. Aliyeitumia ni mzee mmoja wa Ibaba, Mndali, mtu mfupi na mpole. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa kanisa, kufungua milango na kupiga kengele, na kwa kazi hiyo alipewa chumba nyuma ya jengo, akaishi humo na mkewe. Kiswahili chake alikivuta polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Mimi naongea haraka. Sijui kama hilo nalo lilichangia.

Mara ya kwanza alikuja asubuhi na bajaji, mashine imefungwa kamba nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Anafanya kazi dakika kama kumi, anazima. Akipumzika anawaka. Halafu anazima tena."

"Mafuta yapo lakini?"

"Yapo. Kila akizima nafungua tangi naangalia. Yapo. Nafunga, navuta kamba, anawaka."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi. Kila kilichotakiwa kujulikana kilikuwa humo. Mimi nilishika neno moja tu, anazima, nikaanza kufungua boliti.

Tangi lilikuwa tupu. Madereva wa bajaji hawapendi kubeba kitu chenye petroli, inamwagika kwenye kona na abiria wa baadaye wanalalamika harufu, kwa hiyo mzee aliimimina kwenye dumu kabla ya kuondoka. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Sisi mafundi wa huku hatujazi tangi la mteja. Tuna chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako, tumeichomeka mrija mdomoni, tunaitundika msumarini na mrija unaingia moja kwa moja kwenye kabureta. Mafuta yanashuka yenyewe kama maji ya hospitali, na ndiyo maana tunaiita dripu. Inaokoa muda, na hakuna mteja anayeweza kusema umembakizia mafuta pungufu. Nilifundishwa hivyo na mjomba wangu upande wa Nakonde, naye sijui alifundishwa na nani.

Basi nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikatundika dripu, nikawasha. Ikaunguruma nusu saa bila hata kukohoa. Mzee alikaa kwenye kopo la rangi akiiangalia, mikono juu ya magoti.

"Amepona," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. Hakuonekana kuamini, lakini pia hakubisha.

Baada ya siku kadhaa akarudi. Ugonjwa ule ule. Safari hii nikaikamata koili, kwa sababu koili mbovu ikipata joto huzima, ikipoa huwaka, na maelezo yake yalifanana na hayo. Nikafunga koili niliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Nikatundika dripu. Ikaunguruma kuliko mara ya kwanza.

Jirani yangu ni mchomeleaji wa mageti, Mnamwanga, mtu asiyeweza kuona jambo akanyamaza. Akasogea na miwani yake nyeusi kwenye paji la uso.

"Fundi, hiyo ina mapepo ya Mpemba. Mkaiombee."

Mzee akamjibu bila kugeuka, "Inalala kanisani kila siku, mwanangu. Maombi gani tena?"

Tulicheka sote watatu. Nilimpenda sana mzee siku hiyo. Lakini aliposhika mpini kuipakia kwenye bajaji akasema kitu ambacho sikukiuliza zaidi. Alisema, "Huku kwako inakuheshimu. Kule kwangu inanidharau." Nilidhani bado tunataniana.

Mara ya tatu hakuja peke yake. Alikuja na katibu wa wazee wa kanisa, mwalimu wa shule ya msingi, kijana kuliko mimi, shati limechomekwa vizuri. Mzee alikaa nyuma ya bajaji akishikilia mashine, katibu mbele. Waliposhuka mzee hakutania. Nikaona kuna jambo.

Nataka niseme haki juu ya yule katibu, maana baadaye watu walimsema vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Majani ya kanisa yalikuwa yamefika magotini upande wa nyuma, na harusi mbili zilikuwa zimefanyika pale wageni wakilalamika. Yeye darasa lake linatazamana na uwanja. Kila akiangalia dirishani anamwona mzee kakata mistari miwili, kasimama, kafungua tangi, kainama, kafunga, kasimama tena. Akamwuliza, mzee akasema mashine inazima. Akauliza kwa fundi imekwendaje, akaambiwa fundi amesema imepona. Mara mbili. Wewe ungefikiri nini? Angeweza kumshtaki kwa wazee moja kwa moja. Hakufanya hivyo, alikuja kwanza kuhakikisha kwa macho yake, tena kwa nauli yake. Kwa hilo simlaumu hata leo.

"Fundi, shikamoo. Mimi si mtaalamu," alisema, "naomba tu uiwashe nione."

Nikatundika dripu, nikawasha. Katibu akaangalia saa yake. Tulisimama pale watu watatu tukiitazama mashine isiyokuwa na majani ya kukata, na jirani yangu wa nne kwa mbali. Robo saa. Nusu saa. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayengoja mtu aliyeahidi kufika. Kwa kweli hata mimi nilianza kuiomba moyoni izime. Saa nzima ikapita. Haikuzima.

"Fundi," katibu akasema, "mashine hii ni nzima au mbovu?"

"Nzima."

Ndivyo nilivyojibu. Ningejibu nini kingine? Ilikuwa mbele yetu inanguruma. Lakini nililiona lile neno likitoka kwangu, likampita katibu na kumfikia mzee. Alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

Katibu akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, umesikia mwenyewe. Wazee watakaa Jumapili baada ya ibada. Bora uanze kufikiria lile suala la chumba, maana atakayekuja atahitaji mahali."

"Nimesikia," mzee akasema.

Wakaondoka. Jirani yangu akaja akaniuliza, "Kwa hiyo mzee ni mvivu?" Nikasema sijui. Akasema, "Si umesema nzima?" Nikasema nimesema mashine nzima, sijasema mzee mvivu. Akasema, "Fundi, hapo umesema nini tofauti?" Niliichukua plagi ya jenereta ya mtu nikaisugua mpaka ikang'aa, na haikuwa na tatizo lolote.

Siku zilizofuata sikuelewa kitu. Niliwaza kwamba mzee ananidanganya, nikaona haiwezekani, mtu gani atasafirisha mashine mara tatu kudanganya? Nikawaza kwamba mkono wake unabana waya wa kuzimia bila kujua. Nikawaza mteremko, kwamba labda uwanja wao una mteremko na oili inakimbilia upande mmoja. Nikawaza majani mabichi yanaizidi nguvu. Nilifika mahali nikafikiria hewa ya Mpemba, kana kwamba Mpemba ni nchi nyingine na si mwendo mfupi wa bodaboda kutoka hapa. Niliishia darasa la saba, na nikikwama namna hii huwa nadhani kuna kitabu ambacho wenzangu wote wamekisoma isipokuwa mimi.

Alhamisi nikafunga karakana asubuhi, nikapanda bodaboda. Wateja wawili waliokuwa wameahidiwa jenereta zao nilijua watanitukana, na kweli walinitukana.

Nilimkuta mzee yuko kazini. Alikuwa ameamua kuumaliza uwanja kabla ya Jumapili, hata kama ni wa mwisho. Mkewe alikuwa mlangoni mwa chumba chao anakunja mablanketi na kuyaweka juu ya sanduku. Akaniamkia vizuri, akaniletea kiti. Ningetamani asiniletee.

"Endelea tu, baba," nikamwambia mzee. "Nimekuja kuangalia."

Akavuta kamba. Ikawaka mara moja. Akakata mstari, akageuka, akakata wa pili, akageuka. Katikati ya wa tatu sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayetafuta pumzi, ikazima.

"Umeona?" Hakusema kwa hasira.

"Fanya unavyofanyaga siku zote."

Akainama, akashika mfuniko wa tangi, akauzungusha. Na pale nikasikia. Fssss. Kidogo tu, kama soda iliyosahaulika inapofunguliwa. Hewa ilikuwa inaingia ndani.

"Baba, subiri. Huo mlio unatokeaga kila siku?"

"Kila siku."

Niliuchukua mfuniko mkononi. Chini yake kulikuwa na nailoni ya mkate, imekunjwa mara mbili, imetandazwa na kuzungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kazi safi kabisa, hakuna hata tone lingeweza kutoka. Hakuna hata pumzi ingeweza kuingia. Mfuniko wa tangi lile una kitundu kidogo cha kuvuta hewa. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie nafasi yake, isipoingia mafuta yanagoma kushuka na injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Ukifungua kuangalia, hewa inaingia, ukifunga na kuvuta kamba inawaka, mpaka ile hewa iishe kazi yake. Na kwangu, na ile dripu yangu iliyokatwa kitako, mfuniko haukuwa na shughuli yoyote. Mimi kwa mikono yangu nilikuwa naondoa ugonjwa kila mara kabla ya kuanza kuutafuta.

Niliitoa nailoni, nikafunga mfuniko mtupu, nikamwambia awashe. Akakata uwanja wote wa mbele. Mimi nilikaa kwenye kile kiti na sikufurahi kama nilivyotegemea.

Alipozima mwenyewe, kwa mara ya kwanza kwa hiari yake, akaja akasimama mbele yangu.

"Kwa hiyo ni nailoni."

"Ni nailoni, baba."

"Nailoni niliweka mimi."

"Uliiweka kwa nini?"

Akanieleza. Mashine inalala stoo, na kwenye stoo hiyo hiyo yanatundikwa majoho ya kwaya. Mfuniko ulikuwa unavujisha harufu. Siku moja ya sikukuu kwaya ilisimama mbele ya watu na safu nzima ya kwanza ya waumini ikawa inashika pua. Mama kiongozi wa kwaya alimfuata akamwambia, baba, tumeimba tunanuka kama sheli, ziba pale. Akaziba.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Wazee wana haki."

"Hapana. Wao wanasema wewe mvivu. Wewe si mvivu."

"Lakini mashine nimeiharibu mimi."

"Haijaharibika!"

"Umesema nzima, kumbe nzima?"

Nilijaribu kumweleza na nikazidi kuchanganyikiwa. Mashine ilikuwa nzima na mbovu. Yeye alikuwa na kosa na hana kosa. Na kuna jambo lingine ambalo sikumwambia pale, naliandika sasa. Ile nailoni niliwahi kuiona. Ncha zake zilikuwa zimejitokeza chini ya mfuniko kama pindo la gauni, zina maandishi ya buluu ya mkate. Niliiona, nikadhani mpira wa mfuniko umepotea, mtu kaweka nailoni badala yake, jambo ambalo huku kila mtu anafanya, hata mimi nimewafanyia watu. Ila sikumbuki kama niliiona mara ya pili au mara ya kwanza kabisa. Nimejitahidi kukumbuka. Ikiwa ni mara ya kwanza, basi yote yaliyofuata yangeweza kuzuiwa kwa kunyoosha mkono.

Jumapili nikaenda. Si kanisa langu, nilikaa benchi la nyuma. Baada ya ibada wazee saba waliingia kwenye chumba kidogo cha ofisi, na mzee wetu, na mimi, na mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nusu ya kwaya ilikuwa inasikiliza nje. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nilipoifungua nikaona haina mwanzo.

"Mimi ndiye fundi," nikasema. "Nilisema mashine nzima. Haikuwa nzima."

Katibu akaniangalia. "Fundi, tulisimama saa nzima mimi na wewe."

"Ndiyo. Ilikuwa nzima kwangu."

"Na hapa?"

"Hapa ilikuwa na mfuniko."

Mzee mmoja mnene akacheka mpaka akakohoa. "Kwako haikuwa na mfuniko?"

"Ulikuwepo, lakini haukutumika."

"Jamani, huyu fundi aliyemleta nani?"

Nilijua nimeshindwa. Nikaomba kikombe cha maji na mrija wa soda, nikawaonyesha: nikautumbukiza mrija kikombeni ukajaa maji, nikaziba juu kwa kidole, nikauinua, maji hayashuki, nikaachia, yanashuka. Nilifanya mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilimwagia makaratasi ya katibu. Mwenyekiti wa wazee akaomba ajaribu mwenyewe. Kisha yule mnene naye akajaribu.

"Sasa nailoni aliweka nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," mzee akasema.

"Aliambiwa na mimi!" Sauti ilitoka mlangoni. Mama wa kwaya alikuwa ameshaingia, joho bado mwilini. "Nilimwambia azibe. Mnataka kumtoa, nitoeni na mimi, halafu mtaimba wenyewe."

"Mama, hatujaitana na wewe," mwenyekiti akasema.

"Najua. Nimejiita."

Katibu, na hili nalo nataka liandikwe, ndiye aliyesimama kwanza. Alisema alimwona mzee kwa macho yake kwa wiki nyingi na hakuona alichokuwa anakiona. Akamwomba radhi mbele yetu wote, kwa jina lake kamili na heshima. Wazee wakakubaliana mzee abaki na kazi yake na chumba chake, na mashine itafutiwe mahali pengine pa kulala mbali na majoho. Haikuchukua muda.

Mwenyekiti akamwuliza mzee kama ana neno. Akasimama, akavua kofia. Akashukuru wazee, akamshukuru katibu, akamshukuru mama wa kwaya. Akanigeukia.

"Na fundi namshukuru, amefunga kazi yake akaja. Ila naomba kitu kimoja, si kwa ubaya. Mashine ikiugua tena, ipelekwe kwa fundi mwingine."

Mwenyekiti akasema, "Lakini mzee, huyu ndiye aliyekuokoa."

"Ndiyo. Lakini mara tatu nilimweleza, na mara tatu aliniambia amepona. Naogopa siku nyingine nitachelewa."

Watu waliniangalia wakitegemea niseme kitu. Nilisema ni sawa. Na nilipokuwa nasema nilijipima, nikaona naamini kweli kwamba ni sawa, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

Tulipotoka alinifuata hadi barabarani, akasimama karibu nami kama hakuna kilichotokea, akaniuliza kama namjua fundi mzuri wa mashine za majani. Nilimjua mmoja, yuko Vwawa, njia ya kushoto ukipita stendi, mlango wa mbao. Nikamchorea kwenye ile karatasi yangu isiyo na mwanzo, upande wa nyuma. Nikamwambia yule wa Vwawa ni hodari kuliko mimi, na ni mtu wa kusikiliza.

Kwamba ni hodari kuliko mimi, nadhani ni kweli. Kwamba anasikiliza, sijawahi kumwona akifanya kazi. Nilisema tu, kwa sababu nilitaka awe hivyo.